Neno «incarnadine» katika Macbeth: tuliseme vipi kwa Kiswahili cha pwani?

#1 Mwana wa Kaole (Bagamoyo)

Assalamu alaykum na heri ya jioni, wanajukwaa.

Kikundi chetu kidogo cha maigizo hapa Bagamoyo kinaandaa onyesho moja tu la Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, nalo ni onyesho la pili la sehemu ya pili, pale Macbeth anapotoka chumbani alimolala mfalme Duncan huku mikono yake imejaa damu. Anajiuliza kama bahari yote ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, yaweza kumsafisha mkono, kisha anajijibu mwenyewe kwamba haiwezi, bali mkono wake ndio utakaozigeuza bahari. Kitenzi anachokitumia hapo ni incarnadine, na mimi nimekwama hapo kwa wiki mbili.

Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kutia rangi ya damu. Kamusi niliyo nayo inasema rangi ya nyama, na nyingine niliyoazima inataja waridi. Nyama, waridi na damu si rangi moja, na mwigizaji wangu kila jioni ananiuliza aseme nini. Najua kwamba S. S. Mushi aliitafsiri tamthilia hii mwaka 1968, na kazi yake naiheshimu. Ila tumekubaliana kikundini kwamba kwa onyesho hili moja tujitafutie maneno kutoka vinywani mwa watu wa hapa. Mwenye ujuzi wa neno hili naomba atufungulie.

#2 Msomaji wa Ngamiani (Tanga)

Wa alaykum salaam. Kamusi zako zote mbili zina haki, na mwalimu wako wa shule ana haki pia, kwa sababu neno hili limehama.

Shina lake ni la Kilatini, caro, yaani nyama au mnofu. Waitaliano walipata kutoka hapo jina la rangi ya mwili wa mtu, Wafaransa wakalichukua kwa umbo la incarnadin, na Waingereza wakalipokea mwishoni mwa karne ya 16 likiwa ni kivumishi cha kitambaa, ua au shavu lenye wekundu mwepesi wa ngozi. Ndugu zake ni carnation, lile ua, na hata jiwe la akiki ambalo wazee wetu hulivaa kwenye pete: Waingereza walikuwa wakiliita cornelian, kisha wakaligeuza kuwa carnelian kwa kulihusisha na nyama hiyo hiyo.

Aliyelifanya kitenzi katika tamthilia hii ni Shakespeare, mnamo mwaka 1606 hivi. Alilichukua neno la shavu akalitupa baharini, akalipaka damu. Tangu hapo Waingereza wengi wanaolisikia hawafikirii tena ngozi ya mtu, wanafikiria damu, na sababu yake ni mistari hiyo michache unayoihangaikia. Kwa hiyo mtafsiri ana maneno mawili ndani ya moja: lile alilolikuta Shakespeare na lile alilotuachia.

#3 Kijana wa Dunda (Bagamoyo)

Ahsante, kaka Msomaji, lakini naona umezunguka mbali. Kila Mkristo anajua kwamba incarnation ni Neno kufanyika mwili. Shakespeare aliishi katika nchi ya kanisa na neno hili amelitumia mara nyingi katika kazi zake. Maana yake ni kuipa bahari mwili: bahari inakuwa kiumbe chenye nyama na damu, kinachoweza kumshitaki muuaji. Mimi ningetafsiri «kuzivisha bahari mwili».

#4 Msomaji wa Ngamiani (Tanga)

Kijana wa Dunda, wazo lako ni zuri na sitalitupa, ila nisahihishe jambo moja. Hakulitumia mara nyingi. Katika tamthilia zake zote neno incarnadine limo mara moja tu, hapo hapo.

Lakini kuna mahali pengine panapokuunga mkono kuliko ulivyodhani. Katika tamthilia yake nyingine, Henry V, watu wanasimulia kifo cha mzee Falstaff. Kijana mmoja anasema kwamba mzee aliwahi kuwaita wanawake mashetani waliovaa mwili, kwa neno incarnate. Mama mwenye nyumba ya wageni hasikii vizuri, anajibu kwamba ni kweli, mzee hakuipenda kamwe rangi ya carnation. Hapo inaonekana wazi kwamba masikioni mwa Shakespeare mwili na rangi vilikuwa vikigongana, na alijua kwamba watazamaji wake nao wangeusikia mgongano huo.

#5 Mwalimu wa Zamani (Tanga)

Salaam kwenu. Nimefundisha tamthilia hii miaka mingi na naona mnalikodolea macho neno moja huku mkiusahau mstari unaolifuata, ambao ndio tafsiri yake. Baada ya neno lile refu la Kilatini, Macbeth anasema kwa maneno mafupi ya Kiingereza cha nyumbani: making the green one red. Ni kama mtu aliyesema jambo kwa lugha ya mahakama kisha akalirudia kwa lugha ya jikoni.

Na hapo ndipo ugomvi mwingine ulipo. Katika chapa ya mwaka 1623, ambayo ndiyo ya kwanza ya tamthilia hii, koma iko baada ya neno one, na ukisoma hivyo unapata «yule wa kijani anakuwa mwekundu». Wahariri wa baadaye wakaona kwamba pumzi inafaa kukatwa kabla ya one, na maana ikawa «kijani inakuwa wekundu mmoja», yaani wekundu mtupu usiobaki doa la rangi nyingine. Mimi niko upande wa wahariri. Msomaji wa kwanza anaitazama bahari kama kitu kilichobadilishwa rangi. Wa pili anaiona dunia nzima imezama katika rangi moja, na hiyo ndiyo hofu ya Macbeth.

Kiswahili kinalo neno la kazi hiyo, tena linalotamkwa kwa silabi moja: pyu. Nyeusi ni tii, nyeupe ni pee, nyekundu ni pyu. Mtoto wa miaka minne analijua. «Kijani iwe nyekundu pyu» ni sawa kabisa na one red.

#6 Nahodha wa Pangani

Kiingereza changu si kikubwa, lakini damu baharini nimeiona tangu nikiwa mvulana, nikimsaidia baba kumpasua papa kandokando ya ngalawa.

Damu ikianguka majini haibaki nyekundu. Mara ya kwanza inaonekana nyeusi kidogo, kama moshi. Kisha inafunguka, na ukiitazama juu ya mchanga mweupe wa maji machache inakuwa na rangi ya waridi, rangi ya ufizi wa mtoto. Ukihesabu mpaka ishirini imekwisha, bahari imeimeza. Kwa hiyo ninyi mnaobishana kama ni rangi ya nyama au ya damu, nawaambieni kwamba mkononi ni damu na majini ni nyama. Huyo mwandishi, kama hakuwahi kuosha mikono yenye damu kwenye beseni, basi alikaa karibu na aliyeosha.

Na hapo ndipo ninapomwelewa Macbeth. Kila mvuvi anajua kwamba bahari humeza damu. Yeye anaamini kwamba yake haitamezwa.

#7 Mwana wa Kaole (Bagamoyo)

Mzee wangu Nahodha, shikamoo. Niliisoma posti yako kwa waigizaji wote jana na hakuna aliyezungumza kwa muda. Sikuwahi kufikiri kwamba maana ya zamani ya neno, ile ya ngozi na waridi, ingeweza kuwa ndiyo sahihi zaidi kwa maji.

Lakini bado sina kitenzi. Kiswahili hakigeuzi rangi kuwa kitenzi kwa urahisi. Tunasema «kuiva» kwa uso na macho, tunasema «kupiga wekundu», na tukijaribu kunyambua -ekundu tunapata vituko ambavyo siwezi kumpa mtu avitamke jukwaani mbele ya wazazi.

#8 Fundi wa Mashua (Bagamoyo)

Kwa nini hakuna aliyetaja ngeu?

Seremala anapotaka kupasua ubao mrefu kwa mstari ulionyooka, huuchovya uzi katika rangi nyekundu ya udongo, akaukaza kutoka ncha hii hadi ile, akauvuta juu kwa vidole na kuuachia. Uzi ukipiga ubao unaacha alama nyekundu. Rangi ile ni ngeu. Na damu inayomtoka mtu aliyepigwa kichwani, wazee huiita ngeu pia. Neno moja linabeba rangi ya kazi na damu ya jeraha, kama hilo la Kiingereza linavyobeba nyama na damu. Tena Duncan alikuwa mfalme, kichwa cha nchi, na Macbeth amekitoa ngeu kichwa hicho.

Vijana wa siku hizi wananunua chaki ya buluu dukani, lakini neno halijafa. Litumieni.

#9 Binti Chumbageni (Tanga)

Habari zenu. Nimewasoma nyote, na nashangaa kwamba wanaume wanane wanazungumza juu ya mkono uliogeuka mwekundu na usiooshika kwa maji, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka hina.

Mimi napaka hina maharusi, hiyo ni kazi yangu. Mkono wa bibi harusi ukishakolea, leta sabuni, leta ndimu, leta bahari yote ya Raskazone, hautoki mpaka ngozi yenyewe ichoke na kuuachia. Rangi imeingia mwilini, haiko juu ya mwili. Hiyo ndiyo rangi ya nyama mnayoitafuta.

Na kitenzi mnacho. Wazee wetu husema «kumtona hina». Kutona ni kudondosha tone kwa tone. Damu nayo inatona. Kidonda kilichoanza kukauka kikigongwa, tunasema kimetoneshwa. Katika neno hilo dogo mna mkono, rangi, damu na jeraha. Macbeth anaogopa kwamba mkono wake utazitona bahari, kama anayemtona mwari.

#10 Kijana wa Dunda (Bagamoyo)

Dada, kwanza mimi ni mmoja wa hao uliowaita wanaume wanane, na nilipohesabu nilipata sita tu.

Pili, pendekezo lako linanigusa lakini linanitisha. Hina ni furaha. Mtazamaji wa Bagamoyo akisikia «kutona» atasikia vigelegele na ngoma ya usiku wa harusi, hatasikia mfalme aliyechinjwa usingizini. Isitoshe, kutona ni kudogo mno. Macbeth anazungumzia bahari zisizo na idadi, wewe unampa vitone.

#11 Binti Chumbageni (Tanga)

Sita, nakubali, na naomba radhi.

Lakini hilo la furaha ndilo ninalolitaka. Mke wa Macbeth alimwambia mumewe kwamba maji kidogo tu yatawasafisha. Mbele ya macho yake mauaji yale ni kama arusi, ndiyo siku aliyoisubiri, mumewe anatawazwa. Hina inafaa kuwako. Na kuhusu udogo: mkono ni mdogo, bahari ni kubwa, naye anasema kwamba kidogo kitakishinda kikubwa. Ukimpa kitenzi kikubwa tangu mwanzo, hofu hiyo inapotea.

#12 Msomaji wa Ngamiani (Tanga)

Namuunga mkono dada yangu kwa ushahidi wa maandishi. Baada ya Shakespeare, neno incarnadine halikubaki kwenye damu peke yake. Mwaka 1859 Edward FitzGerald alitoa kwa Kiingereza rubai, yaani beti za mistari minne, za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, na katika ubeti mmoja mle ndege anamlilia waridi anywe divai, divai, ili shavu lake la manjano lipate wekundu. Kitenzi ni hiki hiki. Hakuna damu, hakuna kisu, kuna ua na shavu. Kwa hiyo upole na mauaji vimekuwa vikiishi katika neno hili bila kufukuzana.

Watu wa Tanga tuna sababu ya ziada ya kuijua kazi hiyo, kwa kuwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alizileta rubai hizo katika Kiswahili mwaka 1952. Mwenye kutaka kuona mshairi mkubwa akivuka daraja hilo hilo tunalolivuka sisi, akitafute kitabu chake.

#13 Kijana wa Dunda (Bagamoyo)

Kwa hiyo Khayyam alimwiga Shakespeare?

#14 Msomaji wa Ngamiani (Tanga)

Hapana, ndugu yangu. Khayyam alifariki mwaka 1131 huko Nishapur, zaidi ya miaka mia nne kabla Shakespeare hajazaliwa. Neno ni la FitzGerald, mfasiri wake. Aliyesoma Macbeth ni yeye.

Kama unatafuta aliyetangulia, mtazame Seneca wa Roma, aliyefariki mwaka 65. Katika tamthilia yake, Hercules akishawaua watoto wake kwa wazimu anauliza ni mto gani, Tanais, Nile au Tigris, utakaoweza kuusafisha mkono wake. Shakespeare alilichukua swali hilo, lakini jibu ni lake. Mito ya Seneca inashindwa kuusafisha mkono. Bahari za Shakespeare zinachafuliwa na mkono. Mwelekeo umegeuzwa, na kitenzi kilichougeuza ndicho hiki tunachokijadili.

#15 Nahodha wa Pangani

Nilisema bahari humeza damu, lakini kuna nyakati nayo hugeuka rangi. Wakati wa kaskazi, upepo ukitulia, kuna siku tunakuta juu ya maji mikanda mirefu ya kitu kama unga wa msumeno, rangi yake ya kahawia, na ikianza kuoza inaelekea wekundu. Mtaalamu mmoja wa samaki alituambia kwamba ni vijidudu vidogo mno vinavyoota baharini, na kwamba wapo wanaoamini kwamba ndivyo vilivyoipa Bahari ya Shamu jina lake la Bahari Nyekundu. Na ninyi wa Bagamoyo mnajua masika Ruvu inapomwaga udongo: maji yanakuwa mekundu mbali sana na mdomo wa mto.

Kwa hiyo hadhira yenu isidhani kwamba Macbeth anasema jambo lisilowezekana. Wao wameliona.

#16 Mwalimu wa Zamani (Tanga)

Mzee Nahodha, wekundu wa Ruvu ni wa udongo, na udongo hutulia chini baada ya siku kadhaa. Ninachoogopa ni mtazamaji kufikiria masika na kilimo pale anapopaswa kufikiria kosa lisilofutika.

Ila umenikumbusha jambo jingine. Neno linalozieleza bahari hizo, multitudinous, nalo lina ubishi wake: wengine hulisoma kama bahari nyingi, wengine kama bahari yenye viumbe wasiohesabika, wengine kama mawimbi mengi kama umati wa watu. Mwana wa Kaole akichagua «zisizo hesabu» atakuwa amezibakisha maana zote tatu, nami nampongeza mapema.

#17 Mwana wa Kaole (Bagamoyo)

Nawashukuru. Jana usiku niliandika mistari hii, kwa mizani nane kila kipande:

*Bahari zisohesabu, mkono utazitona,*
*kijani iwe nyekundu, nyekundu pyu, moja tupu.*

Fundi wa Mashua nilimpigia kura moyoni, lakini «mkono utazitia ngeu» inafika mizani kumi, nami sikupata pa kuipunguza.

#18 Fundi wa Mashua (Bagamoyo)

Ubao mrefu haukatwi kwa sababu fundi amechoka. Jaribu hivi: *Bahari zisohesabu, ngeu mkono watia.* Hesabu kwa vidole, ni nane kwa nane. Na nakuuliza, maneno «moja tupu» yanafanya nini baada ya pyu? Pyu ni pyu, haihitaji msaidizi.

#19 Binti Chumbageni (Tanga)

Fundi amepatia mizani, lakini amemficha Macbeth. Katika mstari wake mkono umetia ngeu kwa uamuzi, kama seremala apigaye uzi. Macbeth haamui, anavuja.

Nina ombi moja. Kabla hamjachagua, soma onyesho la kwanza la sehemu ya tano, pale bibi yule anapotembea usingizini akijisugua mkono na kusema kwamba manukato yote ya Arabuni hayatautia harufu njema mkono wake mdogo. Sisi wa pwani tunajua manukato hayo, udi na uvumba viko kila nyumba, na siku ya hina vinachomwa chumba hicho hicho. Kitenzi mtakachokitia kinywani mwa mume sehemu ya pili ndicho mtazamaji atakachokikumbuka atakapouona mkono wa mke.

#20 Mwana wa Kaole (Bagamoyo)

Sisi tunaigiza lile onyesho moja tu, dada, ingawa tangu niliposoma ombi lako waigizaji wawili wananishawishi tuongeze na hilo.

Leo alasiri tulifanya mazoezi ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Tulijaribu mstari wa kutona, kisha wa ngeu. Kwa kutona, mwigizaji aliutazama mkono wake. Kwa ngeu, aliitazama bahari. Sikumwelekeza, ilitokea hivyo. Tatizo lilikuwa pyu. Watoto waliokuwa wakituangalia wakicheza mchangani walicheka mara zote mbili, na mmoja akaanza kulirudia huku akikimbia.

#21 Mwalimu wa Zamani (Tanga)

Mwambie anyamaze kidogo kabla ya neno hilo, kisha alitamke kwa sauti ya chini, karibu na mnong'ono. Ile koma ya mwaka 1623 iliwekwa mahali pasipofaa, lakini mstari bado unadai pumzi. Mjaribu tena kesho, watoto wakiwapo.